Dole Gumba la Mhandisi Halilipi Hata Mfuko wa Saruji

Alhamisi iliyopita nilipita saiti moja, nikamkuta injinia mdogo, yuko mwaka wa pili wa SEAP (mafunzo ya kazini ya wahandisi wahitimu), anachimbisha mtaro kwa furaha zake zote. Drowingi inasema bomba la maji ya mvua ni la milimita 300. Mabomba yaliyolala kando ya mtaro ni ya 450. Nikamuuliza nani kabadilisha.

"Mhandisi, kaka. Alikuja juzi Jumanne, akasema lile dogo litazidiwa."

Mhandisi, yaani yule mshauri anayesimamia mkataba kwa niaba ya mteja. Barua iko wapi? Akatoa simu. Kamwandikia Mhandisi kwenye WhatsApp, "Mzee tunaweka 450 kama ulivyosema", na Mhandisi kajibu kwa dole gumba. Kijana akanitazama usoni akisubiri nimpongeze, kama mtu aliyeniletea hati ya kiwanja.

Nina miaka 17 kwenye vumbi hili, na kosa hili nalikuta kila mwaka, limevaa helmeti mpya. Kwa hiyo nimeona niandike, kwa ajili yake na kwa wenzake wote mlioripoti saiti mwaka huu mkiwa na buti zisizo na tope. Nitataja vifungu vya Kitabu Chekundu cha FIDIC (masharti ya mikataba ya ujenzi ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), toleo la 1999, kwa sababu ndicho kilichonichapa mimi. Mwenye toleo la 2017, au fomu ya mkataba ya NCC (Baraza la Taifa la Ujenzi), au nyaraka za manunuzi ya umma, afungue ya kwake: namba zinahama, na siku nazo hazilingani.

1. BOQ inakaa mkiani

Najua mnavyofanya kwa sababu nilifanya hivyo hivyo. Mkataba ukifika mnang'oa BOQ, ile orodha ya kazi, vipimo na bei, mnatoa kopi nne, na kilichobaki kinaingia kabatini. Fungua kifungu 1.5 uone foleni ilivyopangwa: makubaliano ya mkataba, barua ya kukubaliwa zabuni, barua ya zabuni, masharti maalumu, masharti ya jumla, spesifikesheni, drowingi, halafu ndiyo majedwali, na BOQ imo humo. Spesifikesheni ikisema rangi koti tatu na BOQ ikasema mbili, usikae na fundi mkaamua wenyewe kwa kuangalia ndoo zilizobaki stoo. Uliza kwa maandishi, ufafanuzi ni kazi ya Mhandisi. Na uulize kabla ya koti ya kwanza, tafadhali.

2. Kifungu cha 4 kisomwe kwa sauti

Humo ndimo mkandarasi alimofungwa kamba. Atatekeleza kazi na kuikamilisha kwa mujibu wa mkataba na maelekezo ya Mhandisi, atarekebisha kasoro, ataleta watu, mitambo na vifaa, na uimara na usalama wa shughuli zote za saiti na mbinu zote za ujenzi viko kichwani kwake. Kiswahili chetu hapa kinatuponza kidogo. Ukitafsiri "atafanya, ataleta, atarekebisha", fundi anasikia ahadi ya mgombea udiwani. Mimi huwaambia maforomani: kila mnapoona "ata", someni "lazima".

Kuna kipengele 4.4 pia, cha mkandarasi mdogo. Fundi umeme wako akipitisha paipu kwenye boriti kwa kuitindua, aliyetindua ni wewe. Niliwahi kumsikia injinia akimwambia mteja, "Yule si mtu wetu, ni sabu." Mteja alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, hakusoma sheria hata darasa moja. Akamjibu, "Mwanangu, mimi nimesaini na nani?" Kikao kikaendelea.

3. Agizo la mdomo, na tipa la mzee

Hapa naomba mkae chini.

Nilikuwa na miaka 27. Jengo la ghorofa mbili mkoani Morogoro, mkataba wa shilingi bilioni 1.4, mimi ndiye injinia wa saiti na nilijiona kama nimeumba saruji. Msingi ulikuwa wa vitako 38, yaani vitalu vya zege vya kubeba nguzo, kila kimoja mita 1.8 kwa 1.8, kina mita 1.5 kwenye drowingi. Tukaanza kuchimba masika yakiwa yamechanganya. Kwenye mita 1.5 tukakuta udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Taarifa ya udongo tuliyopewa wakati wa zabuni haikuutaja kabisa kwenye kina hicho.

Mhandisi mshauri alikuwa mzee mmoja mstaarabu sana. Akasimama ukingoni mwa shimo, akachokoa udongo kwa ncha ya mwavuli, akasema, "Kijana wangu, shuka mpaka upate udongo mgumu, jaza zege, endelea." Nikaitikia ndiyo mzee. Tukashuka hadi mita 2.4 kwa wastani. Piga hesabu: sentimita 90 za ziada, kwa vitako 38, ni karibu mita za ujazo 110 za zege la kujazia, mbali na uchimbaji na kupiga pampu usiku. Siku 19 zikaondoka.

Kipengele 3.3 kilikuwa kimeniwekea mlango wazi. Mhandisi akitoa agizo kwa mdomo, mkandarasi analithibitisha kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi. Mhandisi akikaa kimya siku mbili za kazi baada ya kuupokea uthibitisho huo, karatasi yako inageuka agizo lake la maandishi. Nusu ukurasa tu! Kipengele 4.12, cha hali ya ardhi isiyotarajiwa, kinataka taarifa mapema iwezekanavyo. Na 20.1 inataka taarifa ya madai ndani ya siku 28 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, halafu madai yenye maelezo kamili ndani ya siku 42, zikihesabiwa tangu siku hiyo hiyo. Ukizipitisha 28, hakuna muda wa nyongeza, hakuna pesa, na mwajiri, yaani mteja mwenye mradi, hadaiwi tena juu ya jambo hilo. Hivyo ndivyo kilivyoandikwa, na mimi sikuwa nimekisoma.

Kusema kweli, si kutosoma peke yake. Hata kama ningekisoma, nisingeandika, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Mzee yule tulikuwa tunakula naye. Mama ntilie wa getini alikuwa anatutengea sahani mbili bila kuuliza. Alikuwa ananifundisha kusoma drowingi za zamani, zile za penseli, na ananiita mwanangu. Niketi nimwandikie barua yenye vifungu? Nilikolelewa mimi, mtu mzima akikwambia neno unalipokea kwa mikono miwili, humwambii "naomba uniandikie hapo ulichosema". Niliona barua ni utovu wa adabu. Niliona barua ni kumwambia simwamini.

Shajara ya saiti ya wiki zile ninaikumbuka neno kwa neno, maana niliisoma mara nyingi baadaye nikitafuta cha kunusuru. Imeandikwa: "Kuchimba msingi. Mvua." Ukurasa unaofuata: "Kuchimba msingi. Mvua." Hakuna kina, hakuna idadi ya mapipa, hakuna jina la aliyeagiza. Vipimo vya pamoja hatukuchukua. Tulimwaga zege, tukafukia, tukapanda juu.

Miezi saba baadaye nikaingiza madai kwenye hesabu. Mzee wangu alishahamia mradi mwingine, na kiti kile kakalia Mhandisi mpya, mtu wa karatasi. Akaomba agizo la maandishi. Hakuna. Taarifa ya siku 28. Hakuna. Vipimo vilivyosainiwa na pande mbili. Hakuna. Jibu lake lilikuwa na mistari miwili, na wa pili ulikuwa wa salamu. Nikampigia mzee. Hakukataa, maskini. Akasema, "Nakumbuka mwanangu, nakumbuka vizuri, lakini mimi sina ofisi tena huko." Ningeweza kumlaumu? Sikumwachia hata kipande cha karatasi cha kumtetea mtu.

Zege na uchimbaji vilitugharimu karibu milioni 20 za wakati ule. Siku 19 nazo zikaja kama fidia ya ucheleweshaji, asilimia 0.1 ya bei ya mkataba kwa siku: milioni 1.4 mara 19, milioni 26.6. Mwenye kampuni, mzee mwenyewe aliyeanza kwa kufyatua tofali, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mkataba uko wapi?" Ulikuwa chini ya printa. Printa yetu ilikuwa inayumba, nami nilikuwa nimeuona unene wake unafaa. Nikaunyanyua mbele yake, jalada lina duara la kikombe cha chai. Akafungua 20.1 akanisomea polepole, kwa Kiingereza chake cha kuunga, hadi mwisho, kisha akaurudisha chini ya printa mwenyewe.

Mwezi uliofuata aliuza tipa moja. Dereva wa tipa lile alikuwa jirani yangu, watoto wetu wanasoma pamoja. Hakuambiwa sababu. Ni mimi niliyekuwa naijua kila nilipokutana naye kituo cha daladala asubuhi.

4. Mambo ya sentensi moja moja

Usifunike kazi yoyote kabla ya kumpa Mhandisi taarifa aje akague, kipengele 7.3 kinampa haki ya kukufunulisha kwa gharama yako, na nondo zilizokwisha kuzikwa kwenye zege ni ghali kufufua.

Ratiba ya kazi inatakiwa ndani ya siku 28 baada ya kupokea taarifa ya kuanza, na ile ya kunakili kutoka mradi uliopita inajulikana, kwa sababu mmeacha jina la mradi uliopita.

Ripoti ya maendeleo ya mwezi, kipengele 4.21, ni kiambatanisho cha madai ya malipo chini ya 14.3, kwa hiyo wanaolalamika cheti cha malipo kinachelewa waanze kwa kuangalia kama waliiambatanisha.

Shajara iandikwe siku hiyo hiyo, yenye watu, mitambo, mvua saa ngapi hadi saa ngapi, nani alikuja na alisema nini.

Nakala ya mkataba iwepo saiti, 1.8 inadai hivyo, na haikutaja printa.

5. Bikoni za mtu zipime mwenyewe

Kipengele 4.7 kinakutaka ujiridhishe na alama za upimaji (bikoni) ulizopewa kabla ya kuzitumia. Binti mmoja wa fildi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alinisumbua asubuhi nzima kwamba bikoni mbili hazikubaliani. Nilimwambia apime tena. Akapima. Akarudi. Nikamtuma kwa mara ya tatu ili nipate kunywa chai yangu. Mara ya tatu alirudi na mpima wa mshauri mwenyewe, mpima kanyong'onyea: bikoni moja iligongwa na greda. Tungelijenga jengo zima likiwa limeingia kwa jirani. Binti yule sasa ana kampuni, na tukikutana husema kwa sauti mbele za watu, "Shikamoo, umeshakunywa chai?"

Drowingi nayo ukiiona ina kosa, sema haraka, kwa maandishi. Kujenga kosa huku unajua ni kosa, ukitegemea kwamba "wao ndio waliochora", ni kumtafutia wakili wa mwajiri chakula.

6. Barua ya adabu inaandikikaje

Turudi kwa kijana wa dole gumba. WhatsApp haikutajwa kwenye kiambatisho cha zabuni yao kama njia ya mawasiliano, na kipengele 1.3 ndicho kinachoamua njia hizo. Niliangalia saa: saa nne asubuhi Alhamisi, siku ya pili ya kazi tangu Jumanne. Tukaingia kontena la ofisi.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na hasira: "tunakutaka uthibitishe mara moja". Nikaifuta. Ya pili ilikuwa na kurasa mbili za shukrani. Nikaifuta nayo. Ya tatu ilikuwa na mistari sita: tarehe na saa ya agizo, nani alikuwepo, ulichosema, tulichoelewa, kifungu 3.3, na kwamba taarifa ya muda na gharama inakuja kivyake chini ya 20.1. Ikaanza kwa salamu na kumalizika kwa heshima. Kijana akaniuliza kama mzee hatachukia.

Nikamwambia ampigie kwanza, amwamkie, amweleze kuna barua inakuja ya kuweka kumbukumbu ya lile jambo la Jumanne. Akapiga, na spika akaiwasha nisikie. Mhandisi akasema, "Afadhali, maana mteja ataniuliza mimi hayo mabomba makubwa yametoka wapi."

Barua iliingia saa tisa kasorobo. Kitabu cha dispachi kina mhuri, tarehe na sahihi ya sekretari. Leo ni Jumatatu, siku ya pili ya kazi tangu waipokee, na kijana ameshanipigia mara mbili kuuliza kama ofisi ya Mhandisi hufunga saa tisa na nusu au saa kumi.