Hiyo "ndoo" si ya maji: namna ya kusoma tenzi za kale za shuleni

Mleta uzi yuko kidato cha tatu. Mwalimu wa fasihi amewagawia beti za Mwana Kupona na za Al-Inkishafi, tenzi mbili za kale za pwani ya kaskazini ya Kenya, amezisoma mara nne, na anasema alichoambulia ni "ndoo", "wino" na "karatasi". Anauliza mambo mawili: lugha hii inasomwaje, na kwa nini mtoto wa leo abebeshwe maneno ya watu waliokufa kabla ya reli kufika nchini. La pili nitaligusa tu. La kwanza ndilo lenye kazi, na likishakaa sawa, la pili hupungua makali.

Tuanze na hiyo ndoo. Ubeti wenyewe uko karibu na mwanzo wa utenzi wa Mwana Kupona:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Mdogo wangu, hapa hakuna chombo cha maji. "Ndoo" ni "njoo", "mbee" ni "mbele", na "ujilisi" ni "uketi", limetoka shina moja la Kiarabu na "majilisi". Mama anaumwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, anamwita bintiye aje akae mbele yake na wino na karatasi asikie wosia. Basi. Ubeti mzima ni huo.

Kilichokukwamisha ni kwamba uliusoma kama Kiswahili cha gazeti kilichoharibika. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, na utenzi huu ni wa mwaka 1858. Kiswahili sanifu unachofundishwa kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati ya kukisimamia ikaanza kazi 1930. Yeye aliandika miaka sabini kabla ya hapo, kwa Kiswahili cha kwao, ambacho siku hizo ndicho kilichokuwa na heshima ya ushairi pwani yote ya kaskazini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni sauti, kamusi baadaye. Chukua karatasi, andika mabadiliko manne ubandike ndani ya jalada la daftari. Penye "nj" ya sanifu, Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, kina "nd": ndia ni njia, ndaa ni njaa, nde ni nje. Penye "ch" mara nyingi kuna "t": mato ni macho, tini ni chini, nti ni nchi, na kitwa ni kichwa. Penye "j" kuna "y": yua ni jua, yuu ni juu, kuya ni kuja, moya ni moja. Na penye "vi" au "vy" kuna "zi" au "z": zitu ni vitu, zombo ni vyombo. Manne hayo tu yanafungua maneno mengi ambayo wanafunzi huyapigia mstari mwekundu.

Tahadhari mbili hapo. Usigeuze kila "t" kuwa "ch", kwa sababu "mtu" ni "mtu" Lamu na Unguja, na "tatu" ni "tatu". Jaribu kwanza neno kama lilivyo; likikataa maana, ndipo uligeuze. Tena maneno yaliyotoka Kiarabu na "j" yake huwa yanabaki nayo, ndiyo maana "ujilisi" haikuwa "uyilisi".

Sasa kosa ninaloliona kila mwaka kwenye majibu ya uhuru wa mshairi, yaani ruhusa ya mshairi kupinda lugha kwa ajili ya shairi. Swali linasema: taja mifano ya uhuru wa mshairi katika shairi hili. Mwanafunzi anaandika: "ndia" badala ya "njia", tabdila. Si tabdila! Tabdila ni mshairi kubadilisha sauti ya neno apate kina au urari, kwa mfano "siachi" kuwa "siati" ili liende na "-ti" ilhali yeye mwenyewe husema "siachi" nyumbani kwake. Mtu wa Siyu aliyeandika "ndoo" hakubadilisha kitu; ndivyo alivyomwita mwanawe kila asubuhi. Jibu ni matumizi ya lahaja. Na "kuboronga sarufi" kwa shairi la 1858 ni lawama ya ajabu, maana sarufi anayodaiwa kuiboronga haikuwa imekubaliwa na mtu yeyote. Ukitaka kudai kuboronga, onyesha mpangilio wa maneno uliopinduliwa ndani ya mstari, si umbo la neno.

Baada ya sauti, soma kwa mdomo. Si kimoyomoyo. Tenzi hizi zilitungwa kuimbwa na kughaniwa, na sikio hukamata "ndoo mbee" kuwa "njoo mbele" upesi kuliko jicho. Soma ubeti mara tatu: ya kwanza taratibu bila kujali maana, ya pili ukihesabu mizani (silabi za mstari) kwa vidole, ya tatu ukisimama pale pumzi inapotaka kusimama. Beti nne kwa jioni moja zinatosha. Anayesoma ishirini usiku wa kuamkia mtihani hupoteza mafuta ya taa.

Kuhesabu mizani kuna mitego. Chukua mstari wa kwanza wa Mwana Kupona, "Negema wangu binti". Wengi hupata saba. Ni nane: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti. Ile "n" ya "binti" inasimama peke yake na inapewa pigo lake, kama "m" ya "mtu" au "n" ya "nchi". Lakini "ng" ya "wangu" na "mb" ya "nyumba" haziachani na irabu inayofuata, na "mwe" ya "mwelevu" ni pigo moja. Ukipata saba au tisa kwenye utenzi wa nane, kwanza shuku hesabu yako, kisha shuku mchapaji, na mshairi mwishoni kabisa.

Mchapaji namtaja kwa sababu. Beti hizi ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwa desturi yake irabu "e" na "i" hubeba alama moja, "o" na "u" alama moja, na sauti kama "p", "v" na "ch" hazina herufi zake katika Kiarabu chenyewe. Aliyezihamishia hati ya Kirumi alilazimika kuamua. Kwa hiyo nakala ya rafiki yako inaweza kusomeka tofauti na yako neno hapa na pale, na wote wawili msiwe na kosa. Nukuu iliyo mbele yako kwenye karatasi ya mtihani.

Al-Inkishafi ni ngumu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo tamu zaidi. Mtunzi ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na kilio chake ni Pate, mji uliokuwa na utajiri ukaporomoka. Hapa waliokariri "utenzi una mizani nane" huumbuka, maana hii ina kumi na moja. Tazama:

Moyo wangu nini huitabiri
twambe u mwelevu wa kukhitari
huyui dunia ina ghururi
ndia za tatasi huzandamaye

Hesabu mstari wa tatu: hu-yu-i-du-ni-a, sita, i-na-ghu-ru-ri, tano. Sita na tano, na pumzi ndogo katikati. Jaribu mistari mingine, yote inakubali. Vina vya mistari mitatu vinafanana (-ri) na wa nne unaishia "-ye", ambayo inarudi ubeti hadi ubeti. Kwenye jibu la umbo usipoteze muda kubishana na jina la bahari, yaani aina ya shairi; andika mishororo minne, mizani kumi na moja iliyogawika 6 na 5, na mpangilio wa vina. Hesabu haina ubishi.

Mstari wa kwanza umeangusha wengi. Wanauona "huitabiri" wanaandika "moyo wangu, unatabiri nini?" Wameukata vibaya. Si hu-i-tabiri, ni hu-itabiri, kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuzingatia, kupata funzo kwa yaliyowapata wengine. Na "hu" hiyo ni ya kukanusha, "wewe hu-". Kwa kitenzi cha Kibantu ungejua kwa irabu ya mwisho: "huyui" inaishia "-i", hivyo ni "hujui". Lakini vitenzi vya Kiarabu havigeuzi mwisho, kwa hiyo "itabiri" haikusaidii na lazima uamue kwa mantiki ya ubeti: anauliza "hujui?", basi na kabla yake alikuwa anakemea, "mbona huzingatii?" Halafu "nini" hapo ni "mbona". Katika mstari wa nne, kwa kanuni yetu ya "j" na "y", "-ye" inasomeka "-je": unaziandamaje?

Sasa kuandika kwa lugha nathari, yaani lugha ya kawaida isiyo ya shairi, ambako kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, alama huponyoka kirahisi. Nathari ya ubeti huo ni: Ewe moyo wangu, mbona huzingatii? Tuseme una akili ya kuchagua. Je, hujui kwamba dunia ina hadaa? Unaziandamaje njia zake zilizojaa matata? Sentensi kamili, mpangilio wa kawaida, lugha sanifu, kila wazo la mshairi limo na hakuna wazo langu. Wanaokosa hukosa kwa njia tatu: wanaacha "ndia" na "tatasi" humo humo, au wanaandika mishororo minne ikiwa imepangwa kama shairi, au wanaeleza ("mshairi anatuonya kuwa dunia ni mbaya...") badala ya kugeuza. Ukijikuta umeandika neno "mshairi", futa uanze upya. Huo ni uchambuzi, una swali lake.

Kamusi ifunguliwe mwisho, kwa maneno yaliyobaki baada ya sauti na mantiki, kama "ghururi" na "tatasi". Kamusi sanifu ya shuleni haitakuwa na yote. Muulize mzee wa Lamu ukimpata, au mwalimu. Vile vijitabu vya mwongozo viache hadi umeandika nathari yako mwenyewe kwa penseli. Mwongozo ukisomwa kwanza unakupa dhamira tano zilizopigwa pasi, na huwezi tena kuona kitu usichoambiwa.

Ukitaka kuona kwa nini mtu akasirikie dunia kiasi hicho, angalia picha za zidaka, yale matundu yaliyochongwa ukutani katika nyumba za mawe za Lamu na Pate. Mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, picha si haba. Humo ndimo walimopanga vyombo vya kauri vilivyoletwa na majahazi. Kisha usome:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni

"Zisahani" ni visahani, umeshajua. "Nyuni" ni ndege. "Walaliye" ni "wamelala", umbo la kale la wakati timilifu, kwa hiyo "-ye" hii si ile ya "-je" ya ubeti uliopita, ingawa zinafanana masikioni. Tundu la sahani za fahari limekuwa kiota cha makinda. Hakusema "mji umekufa". Alionyesha sahani haipo na ndege yupo.

Kuhusu malalamiko kwamba wosia wa Mwana Kupona unamwambia mke atii mno: una haki ya kutokubali, na darasa zuri litakupa nafasi. Ila tenganisha mambo mawili. Swali la dhamira linataka utenzi unasema nini, na linajibiwa kwa ubeti. Swali la "jadili" linataka msimamo wako, nao pia unajibiwa kwa ubeti. Kabla ya kuhukumu, kumbuka ni nani anasema na nani na kwa nini: mama anayeona hataishi kumuongoza binti mwenyewe, anamwachia njia ya kupita salama katika ulimwengu aliokuwa akiujua. Unaweza kulijua hilo na bado ukapinga ushauri wake. Anayeandika tu "umepitwa na wakati" bila mshororo hata mmoja hajajibu lolote.

Zoezi, mleta uzi. Mstari unaofuata ile ya madaka ni "bumu hukoroma kati nyumbani". Soma mara tatu kwa sauti, hesabu sita na tano, amua "hu-" hii ni ya aina gani na umejuaje, kisha weka nathari yako hapa chini. Na ukiniandikia kwamba bumu ni bomu, tutaanza upya toka kwenye ndoo.