Fundi Aulizwa: Matundu ya flanji yanahama kwenye mchoro

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nachonga shafti na flanji (visahani vya chuma vya kuungia shafti kwa bolti) za boti za uvuvi hapa Nyakato, Mwanza. Najifunza FreeCAD, programu ya kuchora vipande kwa kompyuta, ili niachane na kuchora kwa chaki kwenye bamba. Nikibadili kipenyo cha flanji, matundu ya bolti yanahama au mti wa kazi (orodha ya hatua za kipande pembeni mwa skrini) unajaa alama nyekundu. Na faili ya DXF (mchoro unaosomwa na mashine ya kukata) niliyopeleka kukatwa, nikaambiwa flanji ina upana wa mita tatu! Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hayo ni makosa mawili tofauti.

Matundu yanahama kwa sababu mchoro wake haujafungwa kwa vipimo, au umeuchora juu ya uso wa kipande. Programu huupa kila uso namba. Ukigusa umbo la mwanzo, namba zinaweza kupangwa upya na mchoro wako ukajikuta umeshikilia uso mwingine. Toleo la 1.0 la Novemba 2024 limelipunguza sana tatizo hili, ila halijaliondoa.

Tuseme flanji ni ya mm 120, unene mm 10, tundu la shafti mm 40, bolti nne za M10 (kipenyo mm 10) kwenye duara la mm 90. Kwenye bapa la XY (lililolala) chora maduara mawili yenye kitovu kwenye sifuri, uyape vipimo, 120 na 40. Mistari yote ikigeuka kijani, mchoro umefungwa. Kabla ya hapo usiendelee. Bonyeza Pad, inayoinua mchoro uwe kipande chenye unene, andika 10.

Mchoro wa matundu nao uweke kwenye XY hiyohiyo. Chora duara moja tu, la mm 11 (ukiweka 10 kamili bolti itagoma kupita), kitovu chake mm 45 kutoka sifuri juu ya mhimili wa X. Kisha Pocket, inayokata tundu. Hapa ndipo wengi hukwama: Pocket hukata kwenda chini, na chuma chako kimeinuka kwenda juu, kwa hiyo haigusi kitu. Weka tiki kwenye Reversed (kugeuza upande), uchague Through all (kukata hadi mwisho). Malizia na Polar Pattern, inayorudia tundu hilo kuzunguka mhimili wa Z, idadi 4. Jaribu kubadili 120 iwe 130: matundu hayatikisiki.

Kuhusu mita tatu: mashine imesoma 120 kama inchi, na 120 × 25.4 ni mm 3048. Usiiamini DXF kubeba kizio. Mwambie mkataji ni milimita, umpe na karatasi yenye vipimo, apime upana kwenye skrini kabla ya kuwasha moto.

Na kama mkataji anakata kwa plazima (mwale wa gesi yenye joto kali), akate mzingo na tundu la kati tu. Tundu la mm 11 kwenye bamba la mm 10 hutoka limepinda, juu pana na chini jembamba. Toboa mwenyewe kwa kekee: biti ya 5 kwanza, kisha 11.

SWALI: Laptopu ya RAM GB 4 inatosha? Mwanafunzi, Sengerema.

JIBU: Kwa kipande kimoja kimoja inatosha, mradi ufunge brauza. Ukianza kuunganisha vipande vingi, tafuta GB 8 au zaidi. Cha kununua kwanza ni mausi yenye gurudumu. Kuzungusha kipande kwa kidole kwenye padi ya laptopu ni adhabu.