Karatasi ya WES haikupi ruhusa ya kugusa jino

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Nimemaliza BDS, shahada ya udaktari wa meno, na sasa niko mwezi wa tisa wa uanagenzi katika hospitali ya umma hapa Nakuru. Kuna ajenti mjini anayesema nikimpa shilingi 180,000 atanifanyia tathmini ya digrii kwa WES, shirika linalolinganisha vyeti vya nje na vya huko, na ikishaonekana ni sawa na ya Kanada nitaanza kazi huko moja kwa moja. Binamu yangu aliye Texas ananiambia nifanye ule mtihani wa Marekani wa sehemu mbili. Nimsikize nani? – Mwanagenzi, Nakuru

JIBU: Daktari mwenzangu, usimsikize yeyote kati yao. Binamu yako hana nia mbaya, ila amepitwa na wakati. Sehemu ya kwanza ya mtihani huo ilifungwa 2020, ya pili 2022. Siku hizi ni mmoja tu, INBDE, maswali 500 kwa siku mbili.

Ajenti ndiye anayenikosesha usingizi, kwa sababu swali lako napigiwa simu nalo kila mara hapa Kisumu, na karibu kila mara pesa zimeshatoka. Ajenti hakukudanganya kwamba WES itaikubali digrii yako. Itaikubali. Ulisoma chuo kinachojulikana, ukafaulu, na karatasi itakuja imeandikwa vizuri kwamba elimu yako ni sawa na shahada ya huko. Uongo uko kwenye hilo neno "moja kwa moja".

Neno "kutambuliwa" limetuponza. Mtu wa uhamiaji akiitazama digrii yako anataka kujua akupe pointi ngapi. Chuo kikuu kinataka kujua kama unastahili kuomba nafasi. Hao wawili karatasi ya WES inawatosha. Baraza la madaktari wa meno lina swali tofauti kabisa: huyu mtu akiachwa peke yake na sindano ya ganzi na mama wa miaka sitini mwenye presha, itakuwaje? Hakuna tathmini ya vyeti inayojibu hilo. Na tusiwaone wana roho mbaya. Mkenya aliyesomea India au Urusi akirudi nyumbani, KMPDC, Baraza letu la madaktari na madaktari wa meno, haimpi kiti siku hiyo hiyo. Hufanya mtihani kwanza, ndipo aingie uanagenzi.

Basi Kanada yenyewe iko hivi. NDEB, bodi yao ya mitihani ya madaktari wa meno, watakupa mtihani wa maarifa ya msingi (AFK), kisha wa maamuzi ya kitabibu (ACJ), kisha wa vitendo (NDECC) ambao unaufuata Ottawa. Ukivuka yote unabaki na ule wa mwisho ambao hata wahitimu wa huko huufanya. Njia nyingine ni kurudi chuoni. Marekani, baada ya INBDE, majimbo mengi yatakutaka usome tena miaka miwili au mitatu katika chuo chao upate digrii yao ya meno, DDS au DMD, na ada inaweza kupita dola 100,000. Uingereza kuna ORE, mtihani wa madaktari wa meno waliosomea nje: alama 7 za mtihani wa Kiingereza wa IELTS, sehemu ya kwanza ya kuandika, ya pili ya vitendo, majaribio manne kwa kila sehemu, na lazima uifaulu ya pili ndani ya miaka mitano tangu ulipojaribu ya kwanza kwa mara ya kwanza. Ule mlango wa pembeni wa daktari wa meno kujisajili Uingereza kama mtaalamu wa kusafisha meno ulifungwa 2023. Anayekuuzia leo anakuuzia ukuta. Australia, mtihani wa vitendo uko Melbourne. Nchi za Ghuba ni mtihani wa kompyuta wa Prometric na uhakiki wa vyeti, na kwa kawaida wanataka uzoefu baada ya uanagenzi, kwa hiyo bado.

Uganda na Tanzania hakuna anayeniuliza. Mabaraza yetu ya Afrika Mashariki yana makubaliano ya kutambuana, ingawa huko nako lazima uombe usajili. Sijui kwa nini Kampala haina ladha.

Sasa nikwambie kinachowaangusha watu, maana ajenti hatakigusa. Ni mikono. Mimi mtihani wa vitendo wa ng'ambo nilianguka mara ya kwanza. Unapewa kichwa cha mwanasesere kimefungwa kitini, meno ya plastiki, saa ukutani. Niliambiwa nichonge gego la juu tayari kwa taji, ile kofia ya jino. Jino la plastiki halina mlio wa jino la mtu; ncha ya mashine inazama kabla hujajua umegusa. Gego la juu hulioni ila kwa kioo, kila kitu kimegeuka, na mimi miaka miwili kazi yangu ilikuwa koleo: ganzi, ng'oa, pamba, mwingine aingie. Taji langu lilitoka zuri. Lakini jino la jirani lilikuwa na mkwaruzo mwembamba kama wa wembe, na msimamizi aliuona kabla yangu. Safari ya pili nilinunua meno ya plastiki nikachonga nyumbani usiku kwa miezi minne, jino la jirani nikilizungushia ukanda wa chuma. Pesa za ajenti wako zingenunua meno mengi sana ya kuchonga.

Wala usiniambie utafanya kazi kidogo kidogo ukisubiri mitihani. Nimesikia haya pia: daktari wetu anafika, kibali hana, anaanza kutibu Wakenya wenzake sebuleni kwa bei ya undugu. Ushahidi unaotosha ni mgonjwa mmoja aliyevimba shavu akakimbilia hospitali. Hapo husemwi tena kama daktari anayesubiri leseni, unasemwa kama tapeli, na fomu ya usajili ina swali kuhusu hilo hilo.

Ukitaka kuona sebule hiyo inafananaje, tazama hapo hapo Nakuru. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi na meno ya kahawia yamejaa, basi wamezuka mafundi wanaoyasugua kwa mashine ya kucha hadi yang'ae. Mwezi uliopita msichana kutoka Njoro alikuja kwangu hawezi kunywa hata maji ya mtungi. Meno manne ya mbele, enameli imebaki kama ganda la kitunguu. Aliyemfanyia alikuwa na cheti ukutani, tena chenye muhuri. Na ajenti wa vyeti namweka kapu moja na huyo, hasa wale wanaoahidi kukutengenezea barua ya hadhi njema, ile inayosema umesajiliwa na huna kesi ya nidhamu. Wahakiki huandikia chuo na Baraza wenyewe. Karatasi ya kughushi ikionekana, rekodi inabaki na jina lako, ajenti jina lake halimo popote.

Barua hiyo, kwanza, si cheti cha polisi; wengi huchanganya. Inatoka KMPDC, na mabaraza mengi ya nje hutaka iwe ya miezi michache tu, kwa hiyo usiiombe sasa. Unachohitaji wiki hii ni daftari. Uingereza watakuuliza saa ulizotibu mgonjwa kitini kwa mikono yako, 1,600. Andika kila siku: kujaza, mzizi, watoto, hata hao wa floridi, na msimamizi aweke sahihi angali Nakuru. Akihamishwa Turkana, sahihi utaifuata kwa basi.