Cheti cha kibanja si hatimiliki: jibu kwa msomaji wa Bugangaizi, magharibi mwa Uganda

SWALI: Shikamoo mzee. Familia yetu ililetwa Bugangaizi na serikali mwaka 1992 pamoja na wengine walioondolewa kwenye msitu wa Mpokya. Baba amefariki, mama yupo na ndiye anayelima shamba. Juzi walikuja vijana wa mradi unaofadhiliwa kutoka nje, wanapima vibanja, yaani mashamba ya wakaaji wasio na hati, kwa tableti na wanasema tutapewa vyeti. Jirani yetu anadai eneo lote lina hati ya mailo (umiliki wa kudumu ulioandikishwa tangu ukoloni) ya Mganda ambaye hatujawahi kumwona, na Wanyoro wenyeji wanasema ardhi ni yao tangu enzi za mfalme wao Kabalega. Je, cheti hicho kitatufanya wamiliki? Tukitia sahihi tunapoteza kitu? Na kwa nini fedha hizo za msaada zisimlipe mwenye hati, mambo yakaisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile lenye haraka. Cheti hicho hakitawafanya wenye hatimiliki, lakini hakuna sababu ya kukikataa, mradi mjue ni cheti cha aina gani na kimeandikwa kwa msingi upi. Huo msingi ndio wapimaji wa miradi wanaoukosea mara nyingi, na kwa familia iliyoingia mwaka 1992 kosa hilo si dogo.

Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mtu anayekaa kwenye ardhi yenye hati ya mwingine, na kifungu chake cha 29 (natumia namba za zamani, kwa kuwa toleo jipya la sheria zetu limezipanga upya) kinaeleza ni nani anayehesabiwa kuwa mkaaji wa nia njema. Njia ya kwanza ni ya yule aliyekuwa amekaa na kuitumia ardhi kwa miaka 12 au zaidi, bila kupingwa na mwenye hati, kabla ya Katiba kuanza kutumika tarehe 8 Oktoba 1995. Ukirudi nyuma miaka 12 kutoka siku hiyo unafika Oktoba 1983, na ninyi mliingia miaka tisa baadaye, kwa hiyo njia hiyo haiwahusu. Njia ya pili ni ya mtu ambaye, kabla ya Katiba hiyo hiyo, aliwekwa kwenye ardhi na serikali au wakala wake, na hapa sheria haidai muda wowote wa ukaaji. Hii ndiyo njia yenu, nanyi hamna nyingine.

Sasa mtazame kijana mwenye tableti. Anauliza mliingia lini, mama yako anajibu 1992, naye anaandika na kupita kwenye swali linalofuata. Nimekaa kwenye kigoda kando ya zoezi la namna hiyo nikasikia familia nne mfululizo zikijibu mwaka tu, bila yeyote kusema aliyewaleta ni nani, kwa sababu hawakuulizwa. Siku mwenye hati atakapoleta wakili wake, maandishi hayo yataonekana kama ushahidi kwamba mliingia mkiwa mmechelewa. Kwa hiyo kabla ya mama kutia sahihi au kidole, mwombeni aandike mahali pa maelezo kwamba mliwekwa hapo na serikali katika mpango wa makazi wa 1992, kisha awasomee alichoandika. Kama fomu yake haina nafasi ya maelezo hayo, yaandikwe kwenye karatasi ya pembeni, mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji) aigonge mhuri, na kila upande ubaki na nakala.

Kifungu hicho hicho kina jambo jingine ambalo nashangaa halisemwi mikutanoni. Kinaagiza kwamba pale serikali ilipowaweka watu kwenye ardhi yenye hati, serikali ndiyo itakayomlipa fidia mwenye hati, na kwamba iwe imemlipa ndani ya miaka mitano tangu sheria ianze kutumika. Sheria ilianza Julai 1998, kwa hiyo muda huo uliisha Julai 2003. Kinaongeza kwamba waliowekwa hapo wanaweza kuwezeshwa kupata haki inayoandikishika. Kwa maneno mengine, kama kweli kuna hati ya mailo juu ya shamba lenu, kuna deni ambalo wewe si mdaiwa wake. Mwenye hati anaidai serikali. Mtu akija kuwaambia mnunue haki yenu kutoka kwake kwa bei ya soko, jibuni kwa adabu kwamba kifungu cha 29 kimekwisha kumtaja mlipaji.

Kuhusu maneno ya wenyeji, ninakusihi usiyachukulie kama chuki dhidi ya wageni. Baada ya vita vya Waingereza dhidi ya Omukama Kabalega, vilivyoanza mwishoni mwa 1893 na kumalizika kwa yeye kukamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Shelisheli, ardhi ya Bunyoro iliyo kusini mwa mto Kafu ilikabidhiwa Buganda iliyokuwa imepigana upande wa Waingereza. Jambo hilo lilikuwa la aibu hata kwa baadhi ya waliolitekeleza: maofisa wawili wa Kiingereza waliokuwa kazini Bunyoro walijiuzulu kulipinga. Kisha Mkataba wa Buganda wa 1900 ukagawa maili za mraba 8,000 kwa machifu na watu binafsi wapatao 1,000, na kutokana na vipimo hivyo vya maili tukapata neno mailo. Mnyoro wa Buyaga au Bugangaizi alilala akiwa mwenye ardhi akaamka mpangaji, anamlipa busuulu (kodi ya ardhi ya kila mwaka) chifu wa kabila jingine, huku makaburi ya wafalme wake yakiwa ndani ya eneo lililochukuliwa.

Waingereza waliondoka mwaka 1962 bila kulimaliza suala hilo; walichofanya ni kuacha kwenye katiba ya uhuru maagizo ya kura ya maoni. Kura ikapigwa tarehe 4 Novemba 1964, na wakazi wa Buyaga na Bugangaizi wakachagua kurudi Bunyoro. Ila kilichorudi ni utawala. Hati zilibaki katika majina yale yale, na warithi wake wamezishikilia hadi leo, wengi wao bila kuishi huku. Halafu serikali zilizofuata zikaleta familia za Wakiga na wengine, zikiwemo zilizofika Kisiita, huko Bugangaizi, mwaka 1992, zikawaweka juu ya mgogoro ambao haukuwa umetatuliwa, na watu wa umri wangu tunakumbuka jinsi uchaguzi wa mwenyekiti wa wilaya ya Kibaale, ambayo wakati huo ilikuwa na Bugangaizi ndani yake, mwaka 2002 ulivyogeuka kuwa ugomvi wa mwenyeji na mhamiaji. Mimi huendesha mikutano ya vibanja huku kwa Kiswahili hata pale ambapo Kinyoro kingetosha, kwa sababu Kiswahili hakimwambii mtu niko upande gani.

Ninayaeleza haya kwa kuwa swali lako la mwisho haliwezi kujibiwa bila historia hiyo. Kwa nini wafadhili hulipia vipimo na vyeti, wala hawanunui hati? Kwanza, kupima ni kazi inayohesabika: vibanja vingapi vimepimwa, vyeti vingapi vimetolewa, wanawake wangapi wameandikwa. Mfadhili hupenda ripoti ya namna hiyo, na simlaumu sana. Ujerumani imefadhili uorodheshaji wa wapangaji wa mailo katika Mubende, Mityana na Kassanda, na Benki ya Dunia imeikopesha Uganda fedha za kuweka daftari la ardhi kwenye kompyuta na kutoa vyeti vya ardhi ya kimila. Naomba uangalie neno kuikopesha. Nyingi ya fedha tunazoziita msaada zitalipwa na walipakodi wa Uganda, yaani hata na mama yako kila anaponunua sabuni.

Pili, kununua hati maana yake ni kupeleka fedha za umma kwa mrithi wa chifu wa 1900, na papo hapo huzuka swali la bei. Kenya ilipita njia hiyo. Katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962, fedha za Uingereza, Ujerumani Magharibi na Benki ya Dunia zilitumika kununua mashamba ya walowezi, na Waafrika waliogawiwa mashamba hayo wakatakiwa kuyarudishia mkopo. Aliyenyang'anywa alilipa ili kurudishiwa, na aliyenyang'anya akaondoka na hundi. Malawi ilifanya vizuri zaidi kati ya 2004 na 2011, ambapo fedha za Benki ya Dunia ziliwawezesha watu wa kusini mwa nchi kujiunga katika vikundi na kununua mashamba bila kubebeshwa deni, na familia kama 15,000 zikahamia. Kwa hiyo mtu akisema msaada wa nje hauwezi kununua ardhi, hasemi kweli. Unaweza, ila wenye fedha wanahitaji kuombwa hivyo na serikali husika, na serikali inahitaji kukubali kuonekana inamlipa nani na kiasi gani.

Sisi chombo cha kufanya hivyo tunacho. Sheria hiyo ya 1998 iliunda Mfuko wa Ardhi, ulio chini ya Tume ya Ardhi ya Uganda, wa kuwakopesha wapangaji wanaotaka kununua haki ya mwenye hati na wa kuiwezesha serikali kununua yenyewe kwa ajili yao, na sehemu ya ardhi za Kibaale ya zamani imekwisha kununuliwa kwa mfuko huo. Kikwazo ni kwamba bajeti yake ni kidogo ukilinganisha na eneo, na malipo yake yamezua maswali kiasi cha kuchunguzwa na tume ya uchunguzi wa masuala ya ardhi ya Jaji Catherine Bamugemereire. Ninyi mnachoweza kufanya ni kuuliza, kwa barua, kama hati inayofunika kijiji chenu imo kwenye orodha ya zilizonunuliwa. Nimekutana na watu waliokuwa bado wanatafuta wapi pa kulipa busuulu wakati mwenye hati wao alikwisha kulipwa.

Barua hiyo itangulizwe na upekuzi wa rejista ya hati. Nendeni ofisi ya ardhi ya kanda iliyoko Kibaale, mlipe ada, muombe upekuzi wa kiwanja na mkirudi mwe na namba ya bloku na jina la aliyeandikishwa, kwa kuwa maneno ya jirani si rejista. Matokeo yake ndiyo yatakayoamua cheti mnachostahili. Ikionekana ardhi haina hati kabisa, cheti cha umiliki wa kimila kinaweza kuombwa kupitia kamati ya ardhi na bodi ya ardhi ya wilaya, na hicho ni umiliki kamili. Lakini hati ya mailo ikiwepo, cheti cha kimila hakiwezi kutolewa juu yake. Kinachofaa ni cheti cha ukaaji, ambacho huombwa kwa mwenye hati. Vijana wa mradi wakiwaandikia kile cha kwanza mahali panapostahili cha pili, mtakuwa na karatasi nzuri isiyosimama mahakamani. Kuna pia karatasi ya tatu ambayo miradi hupenda kuitoa, yaani fomu ya orodha yenye ramani ndogo na picha ya mkaaji. Hiyo ni ushahidi tu, ingawa ni ushahidi wa maana.

Kutia sahihi fomu hakuwapotezei kitu ikiwa inasema mnakaa, mnatumia na mipaka yenu ni hii. Msitie sahihi fomu inayosema mnakubali kugawana ardhi na mwenye hati au kuondoka kwa fidia, kwa kuwa hayo ni mapatano ya namna nyingine yanayohitaji wakili. Wakati wa kupima, zungukeni mpaka mkiwa na majirani wa pande zote. Tableti ikitumia GPS yake ya kawaida inaweza kukosea mita kadhaa, na mita tatu zinatosha kuhamisha mstari wa migomba kutoka kwenu kwenda kwa jirani. Kwenye pembe za shamba pandeni ule mmea wa mpaka wenye majani marefu, ambao ndugu zetu wa Kilimanjaro huuita masale. Mahakama zetu huenda kuuona mahali ulipo.

Haki ya mkaaji hurithiwa, kwa hiyo kifo cha baba hakikuifuta, lakini kama hamjachukua barua za usimamizi wa mirathi, anzeni sasa kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi kabla ya kwenda mahakamani. Jina la mama liandikwe kwenye cheti, wala lisiwe la mwisho baada ya wana wa kiume. Rwanda iliandikisha viwanja zaidi ya milioni 10 kati ya 2009 na 2013, na tafiti za mwanzo wa zoezi hilo zilionyesha kwamba wanawake wenye haki iliyoandikwa ndio walioongeza zaidi kazi ya kuhifadhi udongo. Mikopo ya benki haikuongezeka vivyo hivyo, kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba cheti kitawafungulia benki, mpunguzie masikio.

Busuulu, ikiwa hati ipo, lipeni na mpewe risiti. Mwenyewe asipopatikana, ulizeni ofisi ya gombolola (kata) utaratibu wa kuiweka huko. Tangu marekebisho ya 2010, sababu pekee ya kumtoa mkaaji wa namna yenu ni kutolipa busuulu, na hata hapo ni kwa amri ya mahakama.

Mwisho, barua ya 1992. Hukusema kama mnayo. Mpango ule ulikuwa na orodha na karatasi za walioletwa, na niliwahi kuonyeshwa moja iliyotunzwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la bati: mchwa walikwisha kula pembe mbili, wino wa majina ulififia, lakini mhuri na tarehe vilisomeka. Mwombe mama atafute. Ikipatikana, pigeni fotokopi tano, moja ithibitishwe na wakili, na mradi upewe fotokopi. Ile yenyewe isitoke nyumbani.