Mbwa anajikuna usiku muzima, nimubadilishie nyama?

Jambo Dokta. Niko mama wa hapa Bukavu, Nguba. Niko na mbwa dume wa miaka ine, si mbwa ya kizungu, ni yetu hii ya kawaida, anatulindia parsele tangu akiwa mudogo. Toka mwezi wa pili anajikuna, anajikuna mpaka usiku tunasikia muguu inagonga kwa mulango ya bati, tu tu tu tu, watoto wanaamka. Kwa mugongo karibu na mukia manyoya imeisha yote, ngozi imebaki nyekundu, na miguu ya mbele anailamba mpaka manyoya yake ikageuka rangi ya kutu. Tulimupigisha sindano kwa mutu mumoja wa dawa, akapata nafuu wiki tatu, ikarudi. Sindano ya pili, ikarudi tena. Sasa jirani ananiambia ni alerji ya nyama ya ngombe, niache mifupa nimupe kuku. Nimemupa kuku wiki mbili, hakuna kitu. Mwingine anasema ni bugali ya mahindi. Chakula yake ni ile inabakia kwa meza: bugali, sombe, supu ya ngombe, mifupa, siku ingine maziwa. Nimubadilishie nini Dokta? Juu roho inaniuma kumuona vile.
Mama wa Nguba

Mama, pole sana, na pole kwa mbwa pia, juu kujikuna vile usiku na mchana ni mateso kabisa, mnyama halali, hakuli vizuri, anakuwa na hasira, na watu wanasema tu "mbwa ni mbwa atazoea". Hazoei. Umefanya vizuri kuuliza.

Ila nianze na kitu kimoja ambacho barua yako yenyewe inasema: mugongo karibu na mukia. Mbwa mwenye shida ya chakula mara nyingi anajikuna miguu, masikio, kwapa, tumbo, sura. Ile ya nyuma, juu ya mukia na kwa mapaja, hapo kwanza kabisa tunashitaki viroboto. Najua utaniambia Dokta mbwa wangu hana viroboto, sijaona hata kimoja! Wote wananiambia vile. Sasa fanya hivi leo jioni: chukua kitana ya meno madogo madogo, ile ya kutoa chawa kwa watoto, mupitishie pale juu ya mukia mpaka kwa ngozi, halafu uchafu yenye inatoka uipanguse kwa karatasi nyeupe ya choo yenye umelowesha maji. Utaona vidoti vyeusi kama unga wa pilipili manga. Ngoja kidogo. Kama vile vidoti vinaanza kutoa rangi nyekundu-kahawa pembeni, kama damu ya zamani, basi ni damu kweli: ni mavi ya viroboto, na viroboto vinakula damu ya mbwa wako. Kama inabaki nyeusi tu, ni udongo.

Mbwa mwenye alerji ya viroboto hahitaji viroboto mia, vichache tu vinatosha, juu kinachomusumbua si kuumwa, ni mate ya kiroboto inayoingia kwa ngozi. Na kwa sababu anajilamba na kujiuma sana, anavimeza vyote, ndiyo maana huvioni. Vile vikubwa vinavyokaa kwa mwili wa mbwa ni sehemu ndogo tu ya viroboto vyote vya nyumba, nyingine yote iko chini kama mayai, kama vidudu vidogo, kama vifuko, kwa nyufa za sima, kwa kitambara anapolalia, na vile vifuko vinaweza kungoja miezi mpaka visikie mtu ao mnyama anapita ndipo vinatoka. Kwa hiyo mutu anaosha mbwa leo, kesho kutwa viko tena, anasema dawa ni ya feki.

Kulikuwa mbwa mumoja hapa Muhungu nilimufuata karibu mwaka muzima. Wenyewe walibadilisha chakula mara tatu, walitumia feza nyingi, mpaka siku moja nikaomba kuona pale mbwa analala. Analala na santineli chini ya ngazi, kwa gunia ya zamani ambayo hakuna mutu aliwahi kuifua. Nilipoinua ile gunia, soksi yangu nyeupe ilijaa vidoti vinavyoruka. Tukachoma gunia, tukafagia kila ufa na kumwaga maji ya moto, tukaweka dawa kwa mbwa wote wawili wa parsele, mwezi kwa mwezi, miezi tatu bila kuruka. Manyoya ikarudi. Nyama ya ngombe alikuwa anakula siku zote hizo.

Kwa hiyo Mama, wewe anza hapo: dawa ya viroboto ya mbwa, yenye imeandikwa kilo za mbwa, kwa kila mbwa na kila paka wa nyumba (na dawa ya mbwa yenye iko na permetrini usiiweke kwa paka hata kidogo, inaua paka), miezi tatu mfululizo, vitambara vifuliwe na maji ya moto kila wiki na vianikwe kwa jua. Tafadhali usinunue ile dawa ya kuogeshea ngombe ukaipima kwa macho. Nimezika mbwa juu ya ile.

Sasa tuje kwa miguu. Ile rangi ya kutu ni mate, ni alama kama analamba muda mrefu, na hiyo viroboto peke yake mara nyingi haiielezi. Mbwa anaweza kuwa na alerji mbili tatu pamoja. Kama viroboto vimeisha na miguu bado, ao masikio inanuka na inarudi kila mara, ao anaharisha ao kwenda haja kubwa mara nyingi kuliko mbwa wengine, hapo ndipo tunaita chakula kwa korti.

Jirani yako hajadanganya kusema ngombe. Kati ya mbwa ambao alerji yao ya chakula imehakikishwa, ngombe iko mbele, halafu maziwa, kuku, na ngano. Mahindi inakuja mbali nyuma, basi muache bugali yake ipumzike na hayo maneno. Na watu wengi wanashangaa: lakini amekula ngombe miaka ine bila shida! Ndiyo, ni vile vile inafanya, mwili unazoeana na ile nyama, siku moja unaanza kuiona kama adui. Si lazima iwe chakula mupya, na si kwamba nyama ilioza.

Ila ile kuku ya wiki mbili haijapima kitu. Moja, wiki mbili ni kidogo, ngozi inahitaji wiki 8 ndipo mbwa wengi sana wenye alerji ya chakula wanaonyesha tofauti. Mbili, kuku yenyewe ni kati ya zile zinazoshitakiwa, na ninajua mbwa wako amekwisha kula mifupa ya kuku kwa sikukuu. Tunatafuta nyama ambayo hajawahi kuonja. Ningependa kukuambia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ni ya hapa hapa, lakini nani hapa Bukavu ana mbwa ambaye hajakula vichwa vya sambaza? Kama wako hajawahi kabisa, sawa, chukua mbichi, ao kavu yenye umelowesha na kuosha mpaka mchanga na chumvi vitoke. Kama amekula, chukua sungura ao kobaye, kale kanyama kama panya munene bila mukia, watu wengi wanafuga kwa jikoni, si vigumu kupata. Pamoja na viazi vitamu. Unachemsha kwa maji matupu: hakuna chumvi, hakuna kitunguu, hakuna vitunguu saumu (hivyo viwili ni sumu kwa mbwa hata siku za kawaida), na usiweke kibe ya supu, juu kibe iko na ngombe ao kuku ndani na itaharibu kazi yote.

Wiki 8 anakula hiyo na maji, basi. Hakuna mfupa, hakuna tone ya maziwa, hakuna kulamba sahani, na dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama uiulize kwanza. Hapa ndipo wengi wanaanguka, si kwa ubaya, ni kwa mapendo. Mutoto anamuangushia kipande ya mkate chini ya meza. Santineli anagawana naye chakula yake ya usiku juu ni rafiki yake. Kaa nao wote, uwaelezee, andika tarehe ya kuanza kwa kalandriye ya ukuta, na kila siku ya Mungu jioni andika namba, sifuri mpaka kumi, anajikuna namna gani. Macho yetu inasahau, kalandriye haisahau. Afungwe ao achungwe asiende kula kwa majalala ya jirani.

Wiki 8 zikiisha na amepata nafuu, furahi, lakini kazi haijaisha. Mrudishie chakula ya zamani, wiki mbili. Najua roho itakataa, mbwa amepona nimurudishie tena ugonjwa? Lakini bila hiyo hatujui kama ni chakula ilimuponya ao ni viroboto vilivyoisha ao ni msimu ulibadilika. Kama ni chakula, ataanza kujikuna tena ndani ya siku kidogo, mara nyingi hazipiti 14, na mara moja unarudi kwa sungura. Halafu unaongeza kitu kimoja kimoja, ngombe peke yake, maziwa peke yake, mpaka ujue mwenye makosa. Watu wananiuliza kupimisha damu kwa alerji ya chakula badala ya taabu hiyo yote. Kwa chakula ile damu haitoi jibu la kuaminika, beba feza yako ununue sungura.

Na hii chakula ya kujipikia ni ya kupima tu. Kwa mbwa mukubwa mwenye nguvu wiki 8 zinapita bila shida, lakini haina kalsiyumu na vitu vingine vya kutosha kwa kula maisha yote, na kwa mbwa mutoto usianze bila veterinere kukupangia.

Kuhusu zile sindano. Uliza jina yake, uiandikishe. Nafuu ya wiki tatu halafu inarudi, mara nyingi ni kortizoni. Si dawa mbaya, inasaidia mbwa anayeteseka, lakini inanyamazisha kujikuna yote, ya viroboto, ya chakula, ya vumbi, na ukipima chakula huku sindano inafanya kazi utasema ni sungura imemuponya. Zikirudiwa rudiwa mbwa anaanza kunywa maji sana, kukojoa sana, njaa haiishi. Na kama siku moja wanamupa vidonge vyake vya kila siku, usivikate ghafla.

Kama viroboto vimeisha, chakula imepimwa vizuri, na bado analamba miguu, basi itakuwa alerji ya vumbi, ya vidudu vidogo vya nyumbani, ya majani. Hiyo haiponi kabisa, lakini inatunzwa, na mbwa anaishi vizuri nayo. Niandikie tena tukifika pale.

*

Dokta, mbwa wetu kwa pembe za masikio na kwa viwiko ana magaga kama ukoko wa chungu, na watoto wawili wa nyumba wameanza kujikuna tumbo na mikono. Muzee anataka kumupakaa mafuta ya vidanji ya gari, anasema zamani ndiyo walikuwa wanafanya. Ao ni alerji ya chakula?
Kijana wa Kadutu

Kijana wangu, zuia ile vidanji leo hii, kwa heshima lakini zuia. Mbwa atailamba yote, ni sumu, na inachoma ngozi ambayo imekwisha kuumia. Hiyo si alerji, watoto kujikuna pamoja na mbwa kunanionyesha upele, wengine mnaita gali, kadudu kanakochimba ndani ya ngozi. Shika pembe ya sikio lake uisugue polepole na vidole: kama muguu wa nyuma unaanza kupiga peke yake, ni karibu hiyo. Veterinere atampa dawa kwa kipimo cha kilo zake, na mbwa wote wanaolala pamoja wanatibiwa siku moja. Usikubali mutu achukue ivermektini ya ngombe avute tu kwa sindano, ile ni kali, kwa mbwa mudogo tone ya kuzidi inaweza kumuua, na mbwa wa damu ya kolie inawaua hata kwa kipimo ambacho wengine wanavumilia. Watoto uwapeleke kwa santre de sante waangaliwe. Mara nyingi upele wa mbwa hauzai kwa mutu, ukitibu mbwa nao wanapona, lakini waangaliwe.

*

Nimuoshe mbwa mara ngapi, na sabuni gani? Natumia ile ya kufulia. Na mawese inasaidia ngozi?
Msomaji wa Bagira

Sabuni ya kufulia inakausha ngozi na kujikuna kunazidi, iache. Mara moja kwa wiki inatosha kwa mbwa anayejikuna, maji ya vuguvugu, shampu ya mbwa, na kama ngozi inanuka ao ina vipele vya usaha tafuta yenye kloreksidini, dawa ya kuua mikrobe ya ngozi. Ukiisha kumupakaa usimwage maji palepale, acha dakika 10, mushike umuongeleshe, halafu suuza mpaka maji itoke safi. Mawese haina ile omega-3 tunayotafuta, mafuta ya samaki ndiyo inayo, na hata hiyo inachukua miezi mbili tatu. Wakati huu wa mvua, akitoka kwa matope umupanguse miguu na kitambara kikavu, na umutanue vidole, kimoja kimoja, maji inabakia pale katikati.