Kundi la maji na usalama limegeuka uwanja wa siasa

Dada, nimekuelewa: kundi lenu la WhatsApp hapo mtaa wa Umoja, Nairobi, lilianzishwa kwa habari za maji na usalama, sasa ni siasa kutwa kucha na majirani wanajitoa kimyakimya.

Usianze kwa kumtoa mtu. Mfuate inboksi yule anayevuta mazungumzo pembeni, kwa heshima: "Mzee, hoja yako ni nzito, ila tangazo la maji limezama. Tuihamishie kule kwingine?" Ukimkemea mbele ya watu atajitetea mbele ya watu, na hapo hamtalala. Hiyo "kule kwingine" lazima iwepo kweli. Fungua kundi la pili la soga, uyaweke yote mawili chini ya jumuiya moja ya WhatsApp. Kwa nilivyoona katika kundi la mtaa wetu, mada nyingi za pembeni si mbaya, zimekosa tu mahali pa kukaa.

Moto ukiwaka, weka mipangilio ya wasimamizi pekee kutuma ujumbe, ueleze sababu na saa ya kufungua. Usilale kabla ya kufungua! Mtu akivamiwa usiku ataitaje msaada?

Matusi ya kikabila ni jambo jingine kabisa. Piga picha ya skrini, kisha uyafute kwa wote. Hapa Kenya, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza matamshi ya chuki. Pakiwa na vitisho, peleka ushahidi polisi au NCIC, yaani Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, usisuluhishe peke yako.

Tafuta pia wasimamizi wenza wa mirengo tofauti, la sivyo kila ukifuta utaambiwa unapendelea.