Ramani ya dhana haichapwi dukani

SWALI: Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili, darasa la sita, huku Pangani. Nimenunua ramani za dhana (michoro ya maneno yaliyounganishwa kwa mishale) zilizochapwa, nikazibandika ukutani, na kila kipindi wanafunzi wananakili moja daftarini. Darasa limetulia, ila jaribio la mwezi wameanguka. Nibadilishe aina ya mchoro?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Ukiwapa mchoro mwingine watanakili vilevile. Utulivu huo ni wa watu wanaofuatisha mistari.

Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipoanza kutumia ramani za dhana mwaka 1972, walitaka kufuatilia jinsi uelewa wa watoto katika sayansi unavyobadilika. Ramani ilikuwa ya kuonyesha kichwani mwa mtoto mna nini. Ya dukani inaonyesha kichwani mwa aliyeichapa.

Chukua mkonge, ambao Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliuleta mwaka 1893 na ukapandwa Kikogwe, hukohuko kwenu Pangani. Andika ubaoni: mkonge, mashamba, manamba (vibarua wa mashamba hayo), reli, bandari. Wanafunzi wakae wawiliwawili, vitabu vifungwe, wayaunganishe maneno hayo kwa mishale, na juu ya kila mshale waandike kitenzi. Hapo kwenye kitenzi ndipo penye kazi yenyewe. Mshale mtupu kutoka manamba hadi mkonge haukuambii chochote. Akiandika "walikata", sawa. Akiandika "waliuza", umeshapata pa kufundishia: muulize shamba lilikuwa la nani, na fedha ya mauzo ilikwenda kwa nani. Usimfutie. Afute mwenyewe, achore upya, hata daftari likichafuka. Watabishana na kelele zitakuwepo, zivumilie.

Kinachoniudhi ni hii biashara ya vifurushi vya chati inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu, eti ukibandika tu ufaulu unapanda. Anayeviuza hajawahi kusahihisha daftari hata moja la mwanafunzi wako, atajuaje amekwama wapi? Walimu wakuu nao wanavikubali kwa kuwa ukuta uliojaa hupendeza wageni wakija, na mwalimu kijana anatoa fedha mfukoni mwake akidhani amenunua mbinu. Walimu wenzangu, acheni kuvinunua. Manila tupu na maka peni vinatosha, na pasipo manila, ubao na chaki.

Hizo ulizokwisha kununua, Mwalimu, zibandue uzigeuze. Upande wa nyuma ni mweupe.